Kilio Kilichochujwa Ghalani

Mimi ni mtu wa Nachingwea na sili karanga. Watu wakisikia hivyo hucheka, kwa sababu kwetu mtoto huota meno akiwa na karanga mkononi, na wapo wanaodhani najidai. Sijidai. Juzi mkwe wangu alishusha kopo alilolisahau juu ya kabati, akanisogezea puani nimwambie kama karanga zake bado zinafaa kupondea mboga. Zilikuwa zimechacha. Nilitoka nje nikatapika kwenye maua yake, mtu mzima mwenye vitukuu, na yule binti wa watu akadhani nimeshikwa na malaria, akataka kunikokota hadi zahanati. Nikamwambia ni uzee tu. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba sehemu kubwa ya utoto wangu niliamini ile ni harufu ya mdogo wangu?

Tulikuwa tunakaa nje kidogo ya mji, kwenye mstari wa vinyumba vya mabati vilivyojengwa Wazungu wa karanga walipokuja na matrekta yao kung'oa msitu. Wenzangu wa rika langu wanaukumbuka wakati ule: mngurumo wa mitambo kutwa, vumbi jekundu hadi ndani ya uji, na kila aliyejua kushika spana kuitwa fundi. Halafu karanga zikagoma, Wazungu wakaondoka makundi kwa makundi, vikabaki vyuma. Baba yangu alibaki na vyuma hivyo. Kazi yake ilikuwa kuitazama injini ya umeme ya Mzungu mmoja ambaye naye hakuondoka, na ambaye sijui hata leo alikuwa anangoja nini. Nyumba yetu ilitokana na kazi hiyo. Kazi ikiisha, tungefunga mikeka yetu tukarudi Likunja kwa bibi mzaa mama tukiwa mikono mitupu, na baba hakuacha siku ipite bila kutukumbusha.

Mzungu huyo watu walimwita Bwana Macho, kwa sababu hakuwa analala. Ilisemekana usingizi ulimtoka vitani na haukumrudia tena. Kope zake za chini zilikuwa zimelegea, zinaonyesha nyama nyekundu ya ndani, na siku zote zilikuwa na majimaji. Mimi nikimwona nilitazama miguu yake, ambayo nayo haikuwa mizuri. Baba alitueleza kwamba bwana wake anatafuta sauti ya kulalia. Alitaka sauti ya mtu iwe karibu naye chumbani, lakini isiseme kitu. Akisikia maneno, akili yake huamka kuyafuata. Akisikia kimya, husikia mizinga.

Basi sauti hiyo alikuwa anaitengeneza mwenyewe. Alikuwa na mashine mbili za kunasa sauti, kila moja na visahani viwili vinavyozunguka, na utepe wa kahawia ukipita kutoka kisahani hiki kwenda kile. Asubuhi, kabla jua halijayapasha mabati yakaanza kulia, alipeleka mashine zake kwenye ghala la zamani la karanga, ghala kubwa tupu upande mmoja na upande mwingine limejaa magunia ambayo hayakupata kusafirishwa. Mashine ya kwanza iliimba kupitia spika iliyowekwa kona moja. Mashine ya pili ilikaa kona ya mbali na kuinasa ile sauti pamoja na mwangwi wa ghala. Kisha utepe mpya ulihamishiwa mashine ya kwanza, nao ukaimbishwa, ukanaswa tena. Na tena. Kila mzunguko maneno yalipoteza ncha, na ghala likaongeza lake, mpaka mwisho huwezi kusema kama ni mtu, au upepo, au bati. Alimwambia baba magunia yanakula ukali na mabati yanarudisha utamu. Nina mjukuu Dar es Salaam anayefanya mambo kama hayo kwa simu yake, anauchezesha muziki bafuni, anaurekodi upya, anauchakaza makusudi ili usikike kama umetoka chini ya maji. Ananiwekea, ananiambia, bibi, funga macho, unatuliza. Nampenda sana, lakini akianza hayo mimi huondoka sebuleni.

Karanga zile kwenye magunia zilikuwa zimenyeshewa misimu kadhaa. Zilivimba, zikaota ukungu, panya wakazaliana humo wakafia humo, na mafuta yakajikamua yenyewe yakatiririka sakafuni yakaganda na vumbi. Harufu yake ilikuwa nzito, ya mafuta mabaya na ya kitu chenye nyama. Ilikaa kooni hata ukiwa umefumba mdomo. Upepo ukigeuka tulikula ugali wenye harufu ile, na nguo zilizoanikwa zilirudi ndani nayo. Bwana Macho hakuonekana kuisikia, na baba alirudi jioni akinuka hivyo hivyo, mama akimngoja mlangoni na maji ya kuoga kabla hajagusa chochote.

Mdogo wangu aliitwa Omari. Alikuwa bado ananyonya, mtoto mnene mwenye mikunjo mapajani, na mimi ndiye niliyekuwa nambeba mgongoni mama akitwanga. Homa ilimkamata asubuhi, mchana akapata degedege, na kabla jua halijashuka alikuwa amekwisha. Mama alitoka uani akalia. Nimesikia vilio vingi tangu hapo, lakini sijasikia kama kile. Alimwita kwa jina, akamwuliza anakwenda na nani, akamwambia maziwa yako haya unamwachia nani, Omari, unamwachia nani. Maneno mengine alisema Kimwera na mengine Kiswahili, yanapandana. Baadaye alifika mjomba kutoka Likunja, akanipita na kifurushi cheupe mikononi, wanaume wakamfuata. Watoto hatukupelekwa. Niliona wanashika njia inayopita pembeni ya ghala, wakapotea nyuma yake, na hakuna mtu aliyenieleza kwamba makaburi yako huko mbele.

Siku ileile Bwana Macho alikuwa ameweka mashine yake barazani kwake anase sauti za njiwa wa mwituni. Njiwa waliruka mama alipoanza. Mashine haikuzimwa.

Lazima nieleze desturi ya nyumba yetu, kwa sababu hata watoto wangu hawaijui. Kwetu mtu akifa, majivu ya jikoni hayazolewi. Yanaachwa yajae, chakula kinaletwa na majirani, mpaka siku ya kuanua matanga. Siku hiyo mwanamke mkubwa wa familia huyazoa majivu na kuyatupa njia panda, mfiwa hunyolewa na kuogeshwa kwa majani, na moto mpya huwashwa. Kuanzia hapo kilio chake hakisikiki tena. Kikisikika, majivu huhesabiwa hayakutoka. Na kabla majivu hayajatoka, mwanamke aliyefiwa na mtoto wa kunyonya hagusi mtoto mwingine yeyote, hata wa tumbo lake. Bibi, mama yake mama, aliyekuja kutoka Likunja kusimamia msiba, alinieleza kwa kifupi nilipotaka kumkimbilia mama pale mkekani. Alinidaka kwa mkono wa gauni.

"Usimkaribie," aliniambia. "Mikono yake bado ina ntoto."

Kwa hiyo nilikaa upande wangu wa ua na mama akakaa upande wake. Nililala na bibi kwenye kibanda cha jiko. Nywele zangu zilikuwa zimesukwa nusu siku Omari alipougua, upande mmoja umekwisha na mwingine umesimama, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumaliza. Nilikuwa natembea hivyo, na wenzangu wananicheka. Mama alikuwa ananitazama ule upande ambao haukusukwa. Maziwa yalikuwa yanamtoka na kukauka kwenye khanga, yanachacha, na bibi alimpa majani ya kubandika ili yakome. Hayakukoma. Nilikuwa natapishwa na harufu ile pia, na papo hapo nilitaka kuweka uso wangu humo humo.

Asubuhi ya kuanua matanga bibi aliinama jikoni na kipande cha kibuyu cha kuzolea majivu. Majani yalishachemshwa, wembe ulikuwa tayari, wanawake wa jirani wamekaa. Ndipo tuliposikia mama analia. Mama alikuwa mbele yetu, amekaa mkekani, mdomo umefungwa, na sauti yake inatoka ghalani. Omari, unamwachia nani. Bibi akaweka kibuyu chini. Wale wanawake waliinuka mmoja mmoja wakajifunga khanga zao vizuri, wakaondoka bila kuaga, na majivu yakabaki pale pale.

Baba alikwenda kumwomba Bwana Macho aache. Alirudi akiwa ametulia, akatuambia bwana ni mtu muungwana, amesikitika sana, ameelewa kwamba maneno yanawaumiza watu, na ameahidi kuyaondoa. Hataifuta ile sauti, kwa maana hajawahi kupata nyingine kama hiyo, lakini ataichuja mpaka isibaki neno hata moja. Baba aliona hilo ni jibu zuri. Nadhani aliogopa kuomba jingine. Mwalimu wa chuo cha Kurani naye aliulizwa, akasema kuomboleza kwa makelele ni makosa tangu mwanzo, na habari za majivu ni za wanawake, asiingizwe. Bibi akamwambia baba kwamba basi kila asubuhi atasimama uani asikilize, na siku atakaporidhika kwamba si kilio, siku hiyo atazoa majivu.

Akawa anasimama. Kila asubuhi injini ilinguruma, ghala likaanza, na bibi alisimama katikati ya ua akiwa amegeuza sikio moja, mkono kiunoni. Kisha alirudi jikoni na kusema neno lile lile, kwamba bado ni kilio. Mama alirudi kujiegemeza ukutani. Nami nilirudi upande wangu wa ua.

Siku moja nilikwenda kuchungulia. Ghala lilikuwa na bati lililotobolewa na kutu chini, karibu na magunia, nikalala kifudifudi kwenye yale mafuta yaliyovuja nje yakaganda nikaweka jicho. Niliona spika, sanduku lenye kitambaa usoni, na kitambaa kinapumua kila mama alipovuta pumzi. Niliona baba yangu amesimama na mikono mbele. Mikononi ameshika kitu kirefu, chembamba, cha kahawia, kinang'aa, kinaning'inia hadi sakafuni na kujikunja. Bwana Macho alikuwa anakipitisha polepole katikati ya vidole vyake. Alikata kipande kwa wembe, akaunganisha ncha mbili, akalamba kidole chake na kupapasa pale alipounganisha, akalamba tena, akapapasa. Halafu alikiingiza kwenye mashine, visahani vikazunguka, na mama akaanza tena kumwita Omari.

Sikuwahi kuona utepe. Utumbo nilikuwa nimeuona. Kila Idi niliwatazama wanawake wakiupitisha utumbo wa mbuzi vidoleni hivyo hivyo, kuukamua na kuusafisha, mrefu, unang'aa, unajikunja chini. Na Omari nilimwona akipelekwa upande huu. Na harufu hii hapa. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Omari alikuwa ghalani, ndiye anayeoza nyuma ya magunia, Bwana Macho anamkamua kidogo kidogo na kumlamba, baba amemshikia, na mama anasikika kwa sababu Omari alimeza sauti yake siku ile. Nilitapika hapo hapo nilipolala. Nilirudi nyumbani nimejipaka matapishi na mafuta ya karanga, bibi akanisugua kwa majivu ya jirani na maji baridi, ananiuliza nimeangukia wapi, nami sikumwambia. Baba alipoleta mkono wake kunigusa shavu jioni nilipiga kelele. Alidhani naumwa.

Sasa nikiandika naweza kueleza vizuri kila kitu kilivyokuwa. Nikiwa binti mkubwa, Lindi mjini, niliona mashine kama zile kwenye duka la Mhindi, nikauona utepe, nikaugusa, mkavu, hauna harufu. Nilisimama pale dukani nikajiona mjinga. Lakini kinyaa hakikutoka. Kiligeuka tu. Mtoto alichukizwa na mtu anayelamba utumbo. Mimi mtu mzima nachukizwa na mtu aliyemsikia mwanamke akililia mtoto wake, akasema hii ni nzuri, ila ina maneno. Kwa maoni yangu huyu wa pili ndiye anayenuka zaidi.

Siku zikaenda. Kile kilio kikaanza kubadilika hata kwa masikio yangu. Kwanza yalipotea maneno ya Kimwera, kisha swali la maziwa, likabaki jina tu, likija na kuondoka, na mwisho jina nalo likavimba likawa mngurumo wenye kupanda na kushuka. Nilielewa kwamba Omari anakaribia kuisha. Nilitaka aishe. Nilimpenda, lakini nilitaka mama anisuke.

Ndipo nikamwuliza. Bibi alikuwa ameenda kuchota maji, mama yuko ukutani kwake, mimi kule kwangu, ikabidi nipaze sauti kidogo ili ifike.

"Mama, Omari ataisha lini kwa Bwana Macho?"

Aliniangalia. Akaniuliza nina maana gani, nikamweleza yote kwa utaratibu, kuhusu kifurushi na harufu na utumbo na baba aliyeshika. Sikulia, nilikuwa namweleza tu, na nilipofika kwenye kulamba aliweka kiganja chake mdomoni. Nadhani nilitegemea atasema si kweli. Alisogea mkekani mpaka ukingoni, akanyoosha mkono kuja upande wangu, kisha akaurudisha na kuukalia.

Bibi aliporudi na ndoo kichwani, mama alikuwa amesimama. Kwa siku zote za msiba hakuwahi kusimama ila kwa haja. Alimwambia bibi hataki tena kusikilizwa kutoka uani. Waende ghalani, yeye na bibi na wanawake wale wale walioondoka siku ya majivu, waingie, wakae, wasikilize mwanzo hadi mwisho, na waamue. Bibi alimwambia hana nguvu hizo. Mama akasema nguvu anazo za siku moja.

Kesho yake tulikwenda. Mimi niliambiwa nibaki, nikang'ang'ania khanga ya bibi hadi ikataka kumvuka, akaniacha. Baba alifungua mlango, akiwa amevaa shati lake la Idi. Bwana Macho alitupangia magunia matupu tukalie, akasugua viganja, akatushukuru kwa Kiswahili chake cha kijeshi. Alikuwa na furaha. Mtu aliyekuwa anatengeneza kitu peke yake kwa muda mrefu, leo amepata watu wa kumsikiliza. Wanawake waliziba pua kwa ncha za khanga. Mimi nilikaa kwenye mguu wa bibi, nimefumba macho, sitaki kumwona Omari.

Sauti ikaanza. Sitaficha, ilikuwa laini. Ilitoka pande zote, kama mtu anavumisha wimbo kwa mdomo uliofumbwa akiwa amelala ubavu, inapanda polepole, inakaa, inashuka, na chini yake mchakacho mdogo kama mvua ya mbali juu ya bati. Hapakuwa na neno. Nilifumbua macho. Nilimwona mama wa nyumba ya tatu, aliyekuwa ameziba pua, ameachia khanga na anatikisa kichwa. Mwingine alipiga mwayo. Kuna aliyesema kwa sauti ya chini kwamba ni kama nyuki ndani ya nzinga, na mwenzake akaitikia kwamba kweli, na tamu. Tamu. Nilikuwa mtoto mdogo na bado nilihisi neno lile likinipanda kooni pamoja na ile harufu. Bwana Macho alikuwa amefumba macho yake mabaya, amelaza kichwa ukutani, na mdomo umefunguka kidogo.

Mama alikaa wima. Hakuziba pua. Nilimtazama uso, haukuonyesha kitu. Kisha niliona khanga yake kifuani inalowa, pande mbili, polepole, inapanuka. Nilidhani ni jasho, maana mle ndani kulikuwa na joto, nikashangaa kwamba jasho lake linatoka mahali pale tu. Bibi naye aliona. Alivua khanga yake ya begani, akamtupia mama shingoni na kumfunga mbele, kwa haraka, kama mtu anayemkinga mgonjwa na upepo. Wengine walikuwa wanasikiliza.

Baba alizima. Bibi aliwauliza wanawake mmoja mmoja, nao wakasema hawajasikia kilio. Halafu akamgeukia mama. Hapakuwa na njia ya kumruka, kwa sababu aliyelia ndiye mwenye kilio, na neno lake ndilo la mwisho.

"Unansikia ntoto?" bibi akamwuliza.

Mama alishika lile fundo la khanga aliyofungwa. Alinitazama mimi, akatazama kichwa changu, ule upande uliosimama.

"Sinsikii," alisema. "Humu hamna ntu."

Majivu yalizolewa siku hiyo hiyo. Bibi aliyabeba mwenyewe hadi njia panda, akarudi bila kugeuka nyuma. Mama alinyolewa kipara, akaogeshwa kwa majani, moto mpya ukawashwa, wanawake wakapiga kigelegele kimoja kifupi wakaenda zao. Nilikuwa nimesimama katikati ya ua sijui niende upande gani. Mama aliniita. Alikaa kwenye kigoda, akanikalisha chini katikati ya magoti yake, akachukua kijiti cha kupasulia nywele na kuanza upande ulioachwa. Mikono yake ilikuwa inanuka ghala. Hata baada ya majani yale yote, ilinuka ghala, nikabana meno.

Jioni ilipokaribia baba alirudi. Alikuwa na sukari ndani ya karatasi na kipande cha sabuni, na uso wake ulikuwa mwepesi kuliko siku zote za msiba. Aliviweka karibu na mama. Alisema vimetoka kwa Bwana Macho, anatoa shukrani nyingi. Tangu sauti ile ikamilike siku chache zilizopita analala hadi jua linatoka, hajalala hivyo tangu vitani, na amesema injini haitazimwa wala kazi haitakwisha. Baba alisema kwamba hata sisi tumshukuru Mungu, jambo limeisha vizuri kwa kila mtu.

Mama hakuitazama sukari. Alipasua mstari, akagawa nywele, vidole vyake havikusimama.

"Kamwambie ahsante," alisema. "Na umwambie, huyo anayenlalia ana jina. Anaitwa Omari."

Baba alibaki amesimama na mikono mitupu. Mimi sikuthubutu kuinua kichwa. Niliinama zaidi nikakaza shingo, ili mama asiache kunisuka.